Naomba ushauri: riwaya ya Kitereza inawashinda wasomaji wetu

Wakuu, habari zenu. Kikundi chetu cha wasomaji hapa Mwanza kinasoma Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980.

Tatizo ni mwendo wake. Wakwe wa Myombekere wanapomchukua binti yao Bugonoka, mkewe, kwa sababu ya ugumba, naye anawabembeleza hadi anatozwa faini ya pombe ya ndizi, watu wanasoma kwa hamu. Kisha kilimo, dawa na taratibu za kupokea wageni zinaelezwa hatua kwa hatua, na waliozoea tamthilia za Kituruki wanaanza kupotea. (Kwangu mimi utamu uko hapo hapo, lakini basi.)

Tumejaribu sura moja kwa wiki, kila mtu asome kwake: aliyebaki nyuma haji tena. Kusoma kwa sauti kwa zamu kunawashika zaidi, ila kurasa chache tu zinamaliza kikao.

Kwa mlioisoma yote: sehemu zipi zinaweza kusimuliwa kwa ufupi bila kuharibu habari za watoto wao, Ntulanalwo na Bulihwali? Na je, tuigawe, tukisimama Ntulanalwo anapozaliwa?