Vijana wa Kigoma wakizidiwa na mawazo: tusubiri wanasaikolojia au tuwafunze watu wa mtaani?

Ndugu zangu wa Kigoma, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, vijana wa dagaa walikosa kipato. Jirani yangu mmoja pale Kibirizi alikuwa akishinda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akiitwa kula anasema ameshiba. Mama yake alimpeleka kuombewa, kisha kwa mganga. Mama huyo hakufikiria kumpeleka kwa mtu aliyefunzwa kusikiliza, maana hakumjua hata mmoja, na hela ya kumlipa asingekuwa nayo.

Msimamo wangu: tusisubiri mpaka kila kata ipate mwanasaikolojia. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafunza kina bibi wa Harare kusikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi hatoi dawa. Anakusaidia utaje yanayokusumbua, uchague moja, upange hatua ya kwanza, kisha urudi umwambie imekwendaje. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili za sonona (huzuni nzito isiyoisha) zilipungua zaidi kwa waliopita kwenye benchi kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida.

Sisi tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wafunzwe, walipwe, wasimamiwe na hospitali ya mkoa. Anayetaka kujiua au anayesikia sauti apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mwalimu, Kasulu: Shuleni walimu wa ushauri na unasihi tupo. Tupunguziwe vipindi, tupewe chumba chenye mlango unaofungwa. Kwa nini muanze upya?

Binti wa Gungu: Na siri je? Mhudumu wa mtaa wetu ni shangazi wa rafiki yangu. Nikimweleza leo, kesho soko zima la Mwanga linajua. Namba ya simu ya msaada, 116, ni bure, lakini ni ya watoto, mimi nina miaka 22.

Mleta hoja: Mwalimu, hilo la chumba nakuunga mkono kabisa. Ila mtoto aliyechapwa asubuhi hamfungulii moyo mchana yule aliyemchapa, kwa hiyo mnasihi asishike fimbo kamwe. Na mvuvi wa miaka 20 hayuko darasani.

Mdogo wangu wa Gungu, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote, na bila kuijibu mpango huu utakufa. Napendekeza mhudumu asisikilize watu wa mtaa wake: wa Ujiji aje Gungu, wa Gungu aende Ujiji. Akivujisha neno, aondolewe. Najua hapo inaingia nauli ya bodaboda kila wiki, na mhudumu wa kujitolea hawezi kuitoa mfukoni. Mimi nasema halmashauri iibebe kwenye bajeti ya afya. Madiwani mliomo humu, mnasemaje?