Mjadala: Duke wa Aiguillon alitoa haki zake au aliziuza?

Mleta mada: Usiku wa Agosti 4, 1789, huku makasri yakichomwa vijijini na wakulima wa Mapinduzi ya Ufaransa, Duke wa Aiguillon, mmoja wa makabaila matajiri zaidi Ufaransa, alisimama bungeni Versailles akataka tozo za kikabaila, yaani malipo ya wakulima kwa makabaila wa ardhi, zikomeshwe. Ila kwa fidia: mkulima alipe mara 30 ya tozo ya mwaka.

Chukua tozo ya livre 10 (livre ni fedha ya Ufaransa ya wakati ule). Mara 30 ni livre 300. Riba ya kawaida wakati ule ilikuwa asilimia 5, kwa hiyo 300 zingemzalishia 15 kila mwaka. Aliyekuwa akipokea 10 angepata 15, tena bila kumtuma mkusanyaji kijijini. Hiyo ni biashara. Anayepinga aje na hesabu.

Mchangiaji wa kwanza: Hesabu yako sawa mkuu, ila bei hiyo haikupita. Sheria ya Mei 3, 1790 iliweka mara 20 kwa tozo za fedha, 25 kwa za mazao. Na kumbuka, Vicomte de Noailles, kabaila mwenzake aliyetangulia kusema usiku huo, hakuwa na mali ya kupoteza. Aiguillon alikuwa nayo.

Mchangiaji wa pili: Mnabishania bei, wakati mkulima alikwamishwa na masharti. Tozo ya ngano ilihesabiwa hivi: bei za miaka 14 iliyopita, ondoa miwili ya bei ya juu kabisa na miwili ya chini kabisa, kisha wastani wa 10 iliyobaki. Tuseme ni livre 20 kwa setier (kipimo cha nafaka), na mtu anadaiwa setier 2. Ni 40 mara 25: livre 1,000! Hapo hajamaliza. Ushuru wa kabaila kila shamba linapouzwa nao ulipaswa kukombolewa papo hapo, hata kama hana mpango wa kuuza. Na waliodaiwa kwa pamoja, mmoja hawezi kulipa fungu lake akatoka. Wengi waligoma tu.

Tena sheria ya Machi 15, 1790 ilimtaka mkulima ndiye athibitishe kwamba tozo si halali. Agosti 25, 1792 mzigo ukahamia kwa kabaila: alete hati ya asili inayothibitisha tozo yake. Julai 17, 1793 zikafutwa zote bila fidia, hati zikaamriwa zichomwe.

Mleta mada: Na Aiguillon alishakimbia nchi 1792, akafia Hamburg mwaka 1800. Lakini mpango kufeli hakumsafishi. Mbona hakutaja 20 tangu mwanzo?

Mchangiaji wa kwanza: Kwa sababu ukumbini walikaa makabaila wenzake, na alihitaji wakubali kwanza kwamba tozo zinaweza kufutwa. Bei ingeshushwa baadaye, na ilishushwa.