Mrejesho: Laos kwa begi la mgongoni na bajeti ndogo

Wakuu, niliuliza hapa kama Laos, ile nchi ya Kusini-Mashariki mwa Asia, inazungukika kwa pesa ya kuungaunga. Nimerudi, na jibu ni ndiyo, tena vizuri sana.

Aliyenishauri boti ya mto Mekong kutoka mji wa Huay Xai hadi mji wa Luang Prabang, Mungu akubariki. Ni safari ya siku mbili, usiku mnalala Pakbeng, kimji cha njiani. Beba chakula chako. Kwenda Vientiane, mji mkuu, nilipanda treni iliyoanza 2021, kama saa mbili tu, wakati basi kwenye ile milima linamaliza siku.

Sokoni, wali wa kunata na samaki wa kuchoma vinashibisha kwa bei nafuu. Kwenye hekalu la Kibudha funika mabega na magoti. Na alfajiri watawa wakipita kupokea sadaka, jamani, msiwasogelee na kamera. Ile ni ibada.