CD pleya kwenye pikapu mpya: USB, blutuuthi, FM au kung'oa redio kabisa?

Mzeekanda
Wakuu heshima kwenu. Nimehamia kwenye pikapu ya kisasa, dabo kebini, skrini imemeza dashibodi nzima, kamera kila kona, ila pa kuingizia CD hakuna. Sasa mi nina shehena ya CD nimezikusanya tangu ujana na nyingine hazipo popote mtandaoni, utatafuta mpaka kuche huzipati, kwahiyo naomba asitokee mtu wa kuniambia sikiliza kwa simu. Nimeona kuna CD pleya za USB, kuna za blutuuthi, kuna vile vidude vya kurusha sauti kwa FM, na kuna fundi kaniambia ang'oe redio aweke nyingine yenye CD. Ipi ina nafuu? Mbele kuna USB mbili, moja pana ya kawaida na moja ile ndogo ya C. Aux, kile kitundu cha kuchomekea waya wa sauti, sijaiona.

kilomita_nyingi
Shikamoo mzee. Aux usijichoshe kuitafuta, magari mapya mengi wameshaifuta. Angalia tu ndani ya boksi la katikati pale unapoegemeza kiwiko, wengine huificha humo. Ukiikuta umeula, unachukua pleya ya mkononi na waya wa 3.5 mm, biashara imeisha. Ila iendeshe kwa betri zake yenyewe, maana ukiichaji kwenye soketi ya kiberiti huku waya wa aux umechomekwa unaweza kusikia mlio unapanda na kushuka kadri unavyokanyaga mafuta. Hapo sio pleya mbovu, ni ethi (waya za ardhi) zinazungukana, kuna kidude cha kutenganisha kinakaa katikati ya waya na mlio unakata.

Mzeekanda
Marahaba. Nimeangalia mpaka boksi la kiwiko, hakuna aux.

fundi_nyaya
Huyo fundi wa kung'oa redio mwambie asubiri kwanza.

Zamani redio ilikuwa kitu cha peke yake, unavuta, inatoka, unachomeka nyingine. Tundu lilikuwa la saizi za kawaida karibu dunia nzima, kama 180 mm kwa 50, na zile kubwa 180 kwa 100. Pikapu za sa hivi ile skrini unayoiona ni kioo tu, ubongo wenyewe uko nyuma ya dashi au chini huko na umeunganishwa na gari lote kwa waya za data. Kwa hiyo kioo hicho ndio kinaonyesha kamera ya nyuma, mara nyingi ndio AC, ndio mipangilio ya gari, na kuna pikapu hata ule mlio wa "funga mkanda" na tiki tiki ya indiketa unatokea kwenye spika kupitia redio hiyo hiyo, ukiitoa gari linakuwa bubu. Vifaa vya kutafsiri zile data vipo kwa baadhi ya modeli, fremu za kuziba dashi zipo, lakini ukijumlisha redio, fremu, kifaa cha kutafsiri na kazi ya fundi, utakuwa umenunua njia ghali kuliko zote ili upate kitundu cha CD, na bado kuna kitu fulani kitakataa. Waranti ndo usiseme, siku umeme wa dashi unasumbua wataanza kukuuliza nani aligusa humu.

Kama gari ni la zamani kidogo lenye redio ya saizi ya kawaida, hapo nabadilisha maneno, badili redio na usiumize kichwa. Ila kwa uliloeleza, hapana.

lensi_chafu
Mnamzungusha mzee bure. Transmita ya FM, pleya yoyote ya mkononi, unatafuta masafa matupu, unasikiliza. Mi natumia hivyo na naishi.

fundi_nyaya
Unaishi ndio, ila unasikia? Redio ya FM yenyewe kwa utaratibu wake sauti inaishia kama kHz 15 wakati CD inafika 20, halafu kile kidude kinarusha kinyonge sana kwa sababu sheria za masafa hazikiruhusu kiwe na nguvu. Antena ya gari jipya iko juu ya paa nje ya bodi, kidude kiko ndani ya chuma. Ukiwa sehemu yenye stesheni nyingi hupati masafa matupu, ukipata, unaenda mbele kidogo stesheni inakuvamia katikati ya wimbo, unaanza kutafuta upya huku unaendesha. Mtu aliyetunza CD miaka yote hiyo ni kwa sababu anapenda sauti. Utampa mikwaruzo ya FM?

lensi_chafu
Sawa bwana mkubwa. Kwa mahubiri na hotuba inatosha lakini, hilo utalikubali.

fundi_nyaya
Kwa hotuba nakubali.

Bi_Steringi
Mzee Kanda mi natumia hiyo ya USB kwenye pikapu na sina mpango wa kuibadili, ila kuna jambo moja ukilikosea utanunua chuma cha kuzuilia mlango. CD pleya za USB ziko aina mbili na kwa macho zinafanana kabisa.

Ya kwanza ni ile draivu ya kompyuta, ile ya nje ya laptop. Hiyo kwenye gari HAICHEZI. Redio ya gari inajua kusoma flashi, yaani inatafuta faili, draivu ya CD haijui ni mnyama gani, itakuandikia kifaa hakitambuliki. Na nyingine zikianza kuzungusha CD zinataka umeme kuliko ule mA 500 wa USB ya kawaida, unasikia inakwaruza inazima inakwaruza inazima.

Ya pili imetengenezwa makusudi kwa gari. Ndani ina kichakataji kinasoma CD halafu kinaidanganya redio kwamba mimi ni flashi, nina folda, nyimbo zangu hizi hapa. Redio haijui kama kuna CD inazunguka. Unaingiza CD, unasubiri kidogo inasoma, kwenye skrini zinatokea Track 01, Track 02 na kuendelea, na vitufe vya steringi vya kuruka wimbo kwangu vinafanya kazi kama kawaida. Unaponunua soma kama imeandikwa ni ya gari na kama modeli ya gari lako imo kwenye orodha yao, maana redio nyingine hata hiyo zinaikataa.

Ubaya wake: majina ya nyimbo kwangu hayatokei, ni Track tu. Na kwa sababu redio inaona kila wimbo ni faili lake, kati ya wimbo na wimbo kuna ka-ukimya kadogo. Albamu za kawaida hutajali. Albamu iliyorekodiwa jukwaani, watu wanapiga makofi mfululizo, unasikia makofi yanakatika halafu yanarudi, inakera kweli.

Mzeekanda
Dada hapo umenifungua macho maana nilishaanza kuangalia ile ya laptop kwa sababu ni ya bei rahisi! Sasa USB ipi nichomeke, hiyo pana au ya C?

Bi_Steringi
Chukua flashi yoyote yenye nyimbo ujaribu moja moja. Kuna USB za data na kuna za chaji tu, na magari mengi yamechanganya. Mara nyingi yenye alama ya radi peke yake ni ya chaji, yenye alama ya USB au ya simu ndo inaongea na redio. Kama ya data ni hiyo ya C utahitaji adapta, na iwe ya kupitisha data, zile za chaji tu zimejaa sana sokoni.

kilomita_nyingi
Na blutuuthi mbona hamuigusi? Kuna pleya za mkononi zina blutuuthi ndani sa hivi, hakuna waya kabisa, unaiweka kwenye kiti.

fundi_nyaya
Zipo na zikikubali ni raha, kukubali ndo kazi. Hizo pleya zimetengenezwa zitafute spika au hedifoni, vitu ambavyo vinakaa kimya vinasubiri kuunganishwa. Redio ya gari nayo inasubiri simu. Na redio nyingi zinatoa namba sita kwenye skrini zinataka uthibitishe pande zote mbili, pleya haina skrini wala kitufe cha kukubali, basi mnakaa mnatazamana. Nyingine inashika mara ya kwanza, kesho ukiwasha gari simu yako inawahi nafasi, pleya inakosa. Angalau hakikisha redio yako inaruhusu simu moja kwa mazungumzo na kifaa kingine kwa muziki, halafu nunua mahali ambapo unaweza kurudisha. Sauti yake sio mbaya, inabanwa kidogo njiani lakini iko juu ya FM kwa mbali sana.

mpole_wa_data
Nimesubiri mtu aseme, naona wote mnaizunguka. Mzee, hujakataa muziki wako, umekataa wa mtandaoni. Si uhamishe hizo CD kwenye flashi? Kama ni Windows kuna programu ya bure inaitwa Exact Audio Copy, inasoma CD polepole inarudia sehemu zenye mikwaruzo, halafu inalinganisha matokeo na ya watu wengine waliosoma CD hiyo hiyo, kwahiyo unajua kama umepata kila kitu. Hifadhi kwa FLAC, haipotezi chochote kwenye sauti na faili linakuwa karibu nusu au zaidi kidogo ya nusu ya lile la CD. Albamu ya dakika 45 ikiwa ghafi ni kama MB 475, kwa FLAC fanya MB 300 hivi. Flashi ya GB 128 inabeba albamu kama 400, ndogo kuliko ukucha, inakaa kwenye USB milele, haitikisiki barabara mbovu. Na majina ya nyimbo yanatokea kwenye skrini, hakuna cha Track 01. Kama redio yako haisomi FLAC, weka MP3 ya kbps 320, kwenye kelele za tairi hutasikia tofauti.

Mzeekanda
Nimekuelewa kijana wangu na ni kweli, ila kompyuta yangu nayo haina pa kuingizia CD, na raha yangu ni kuchukua kasha, nasoma maelezo, naingiza. Kukaa kubofya CD moja baada ya nyingine ni adhabu.

mpole_wa_data
Hapo ndo ile draivu ya laptop uliyotaka kuinunua inapata kazi 😀 Sio lazima uhamishe zote. Anza na zile ulizosema hazipatikani popote. Hizo kama hazina nakala, jua moja tu la mchana juu ya dashi CD inaweza kujikunja na hakuna pa kuipata tena. Na zile ulizochoma mwenyewe nyumbani ndo laini zaidi, wino wake hauvumilii joto na mwanga kama za kiwandani.

lensi_chafu
Hapa nakubaliana na mpole. Kwenye gari beba nakala, CD yenyewe iache ndani. CD-R tupu bado zinauzwa, unachoma nakala, kasha unabeba lile lile kama unataka la kusoma.

kilomita_nyingi
Swali kwa dada Steringi, barabara ya vumbi na mashimo haikwami? Maana pikapu hatununui kwa ajili ya lami tu.

Bi_Steringi
Inasoma mbele kwanza inaweka akiba, kwahiyo shimo moja moja husikii. Barabara ya mawimbi, ile ya kutetemesha meno kwa muda mrefu, akiba inaisha na inaruka, hakuna CD pleya ya kukuahidi vinginevyo. Mi nimeilaza bapa kwenye boksi la katikati juu ya sponji nene, inaruka mara chache kuliko nilipokuwa nimeibandika pembeni ya konso. Usiibandike popote penye maandishi ya eabegi, hata kule chini mbele ya magoti angalia kwanza, gari mpya zinaficha eabegi sehemu usizotarajia. Na vumbi: mlango wa CD uwe wa kumeza, sio wa kufungua mfuniko, lensi itakushukuru.

Mzeekanda
Nimejaribu flashi kama mlivyosema. Ya C inachaji tu, ile pana inacheza muziki. Fundi nimemwambia redio asiiguse. Naagiza ile ya USB ya gari, jina la modeli yangu nimeliona kwenye orodha yao, na ile draivu ya laptop nayo naichukua nianze kuhamisha zile adimu, mpole ukae karibu nitakusumbua. Sasa USB pana ikishakaliwa na pleya, simu naunganishaje kwa ajili ya ramani?

kilomita_nyingi
Kama gari lako linaunganisha ramani bila waya, simu unaichaji kwenye hiyo ya C na ramani zinapita hewani. Kama linataka waya lazima, utakuwa unachagua, ramani au CD. Habu ya kugawa USB magari mengi hayaitambui.

fundi_nyaya
Angalia na nyuma ya konso kwa abiria, mara nyingine kuna ya tatu. Ila ijaribu kwa flashi kwanza, nyingi za nyuma ni za chaji.