Kura ya mwanamke Tanganyika: ilipiganiwa au ililetwa mezani?

Mdau wa Uyole: Wakuu, Uingereza akina mama walifungwa, wakagoma kula, na 1918 wakapewa kura wenye miaka 30 kwenda juu tu. Huku Mbeya na Iringa nani alilala mahabusu kwa ajili ya kura? Sisi ilikuja na uhuru, imepakuliwa tayari. Bibi zetu walikuwa kwenye ulanzi tu.

Mkalenga: "Kwenye ulanzi tu"? Bibi yangu aliununua kwa wagema, akauuza kwa kopo, senti akazifunga kwenye pindo la kanga. Hizo ndizo zilimsomesha baba. Chunga mdomo, kijana.

Mama Mafinga: Mdau, haikuja na uhuru. 1958 kura ilishapigwa, ila kwa masharti: elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambulika. Na ulilazimika kuchagua watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Bibi Titi Mohamed, aliyeishia darasa la nne, ndiye aliyezunguka kuhamasisha kina mama wachukue kadi za TANU. Hao wa darasa la nane, huku kwetu walikuwa wangapi?

Tukuyu Mvua: Ulanzi kitu gani? Komoni ndiyo pombe. Wahehe mnajisifia maji ya mianzi.

Mkalenga: Komoni unakunywa, kesho yake unatafuta viatu. Tena Iringa ilimtoa mwanamke akaingia Legco, Baraza la Kutunga Sheria la mkoloni, enzi hizo, Lady Chesham.

Tukuyu Mvua: Mlowezi! Umekosa wa kwenu mpaka ukaazime Mzungu?

Mkalenga: TANU yenyewe ilimuunga mkono. Kagombane na Nyerere.

Mama Mafinga: Jamani, Zanzibar 1957 walipiga wanaume peke yao. Ingekuwa inakuja yenyewe, wale wangeachwa kwa nini?

Mdau wa Uyole: Mama, shikamoo. Mimi hasa nilitaka kuuliza viti maalumu vina faida gani siku hizi.

Mama Mafinga: Marahaba. Usinihamishe. Nimekuuliza habari ya darasa la nane.

Tukuyu Mvua: Mkalenga, wewe kwanza ni wa Kalenga kweli au umezaliwa Mwanjelwa?