Mavericks 2025: nafasi ya 15 wazi, majeruhi wamejaa, kwa nini hawakusajili?

Ribaundi_Moro

Wakuu, habari za humu. Naomba wanaofuatilia mikataba ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, wanifafanulie jambo moja. Msimu wa 2024-25 Dallas (ndio Mavericks) walimpeleka nyota wao Luka Dončić Lakers mwanzoni mwa Februari wakamchukua Anthony Davis. Davis akacheza mechi moja, tarehe 8 Februari, msuli wa paja la ndani ukamkatalia. Siku mbili baadaye Gafford, mmoja wa warefu wao wa chini ya ringi, akaumia goti. Lively, mrefu mwingine, alikuwa nje tangu Januari kwa kifundo cha mguu. Tarehe 3 Machi Kyrie Irving akachanika ligamenti ya goti la kushoto.

Muda wote huo kikosi kilikuwa na watu 14 wenye mikataba kamili, na kanuni inaruhusu 15. Mwenye timu si mtu wa kukosa hela. Kwa nini nafasi ile ilikaa wazi hadi tarehe 10 Aprili, msimu wa kawaida ukiwa unaisha tarehe 13? Na kama tatizo ni kanuni, mbona Golden State walivunjikavunjika 2019 na mwaka 2022 wakawa mabingwa?

HesabuZaMishahara

Mkuu, hela walikuwa nayo. Ruhusa ya kuitumia ndiyo walijinyima wenyewe Julai 2024.

Kiangazi hicho walimpata Klay Thompson kwa njia ya timu yake ya zamani kumsainisha mkataba mpya kisha kumhamishia Dallas. Timu inayopokea mchezaji kwa njia hiyo inafungwa moja kwa moja: mishahara yake haiwezi kuvuka kile kinachoitwa aproni ya kwanza, mstari ulio juu ya ule wa kodi ya anasa, hadi msimu wa mishahara uishe. Kwa 2024-25 aproni ya kwanza ilikuwa dola milioni 178.132. Kodi ya anasa, inayotozwa timu zenye mishahara mikubwa mno, unaweza kuilipa ukiwa tajiri, lakini ukomo huu haulipiwi. Ukibakiza dola 1,000 chini yake, unaweza kutumia dola 1,000, basi.

Sasa fuata hesabu. Dili la Luka lenyewe liliwapunguzia mishahara, kwa sababu wachezaji Kleber na Morris waliondoka pamoja naye, huku Davis akija na Max Christie. Watatu wakatoka, wawili wakaingia, ndiyo asili ya hiyo nafasi ya 15. Kisha siku chache baadaye wakamtoa Quentin Grimes kwenda Philadelphia na kumchukua Caleb Martin. Grimes alikuwa analipwa kama milioni 4.3, Martin zaidi ya milioni 8, na Martin alifika akiwa na jeraha la nyonga. Kwangu mimi hili ndilo kosa lenyewe. Watu wanazungumzia Luka peke yake, lakini dili hili dogo ndilo lililokula nafasi ya kupumulia.

Baada ya hapo walibaki na kama dola 171,000. Davis, Lively, Gafford na Powell wote wakiwa nje, hapakuwa na mtu mrefu wa kusimama chini ya ringi, wakamsajili Moses Brown kwa siku 10. Mshahara wa chini kwa hesabu za timu ulikuwa dola 2,087,519 kwa msimu wa siku 174, yaani karibu 12,000 kwa siku. Siku 10 ni 120,000. Zikabaki kama 51,000.

Gawanya 51,000 kwa 12,000: siku nne. Aprili 10, 11, 12, 13. Jibu lako ndilo hilo. Walikuwa wanasubiri msimu ufupike mpaka mtu wa bei ya chini kabisa aenee kwenye chenji iliyobaki.

PointiTatu

Niongezee upande wa kikosi, maana palibana zaidi ya hapo.

Kila timu ina nafasi 15 za mikataba kamili na 3 za mikataba ya pande mbili, ya vijana wanaopanda na kushuka kati ya NBA na timu ya G League, ligi ndogo ya NBA. Mshahara wa hawa watatu hauhesabiwi kwenye ukomo, kwa hiyo ndiyo waliokuwa mkombozi wa Dallas. Lakini kila mmoja anaruhusiwa kuwa kwenye orodha ya mechi 50 tu, na hawezi kucheza mchujo (mtoano wa baada ya msimu wa kawaida) mpaka apewe mkataba kamili. Tena timu ikiwa na watu chini ya 15 wenye mikataba kamili, hawa vijana kwa pamoja wanapewa mechi 90 tu katika kipindi hicho. Maana ya kanuni ni kuzuia timu isijaze kikosi kwa bei rahisi. Ilimkuta mtu ambaye hakuwa na namna nyingine.

Ndiyo maana ungeona Brandon Williams, mmoja wa hao vijana, anacheza vizuri usiku mmoja, kesho yake hayupo. Si lazima awe mgonjwa. Mechi zake na za mwenzake Kessler Edwards zilikuwa zinahesabiwa moja moja. Na ligi inataka angalau wachezaji 8 waliovaa jezi. Machi ile Dallas walikuwa wanakaribia namba hiyo mara kwa mara.

Ribaundi_Moro

Nimeelewa, shukrani. Lakini nimesikia kuna nafuu ya kanuni kwa timu zenye majeruhi wengi. Haikuwahusu?

HesabuZaMishahara

Zipo mbili, na zote zisingewafaa.

Ya kwanza ni ruhusa ya mchezaji majeruhi wa muda mrefu. Daktari aliyeteuliwa na ligi akithibitisha kwamba kuna uwezekano mkubwa mchezaji atakuwa nje hadi tarehe 15 Juni, timu inapata kiasi cha kumtafuta mbadala mmoja: nusu ya mshahara wa majeruhi, au kiwango cha kati cha usajili cha mwaka huo (kiasi kinachopangwa na ligi), chochote kilicho kidogo. Mwisho wa kuomba ni tarehe 15 Januari. Kyrie ameumia tarehe 3 Machi, mlango ulishafungwa karibu wiki saba kabla. Na hata kama ungekuwa wazi, ruhusa hii inakupa haki ya kusajili juu ya kikomo cha kawaida cha mishahara, haikuvushi aproni uliyojifungia. Nafasi ya kikosi pia haikuongezei, majeruhi bado anahesabiwa kwenye wale 15.

Ya pili ni ya dharura: ukiwa na wachezaji wanne waliokosa mechi tatu mfululizo au zaidi, na watakuwa nje wiki mbili nyingine, unaweza kuomba mtu wa 16. Dallas hata wa 15 hawakuwa naye. Walichokosa ni dola, siyo kiti.

Kigoda

Nije kwenye swali la Golden State, kwa sababu hapo ndipo penye funzo kubwa, na watu wengi wanalisimulia nusu.

Fainali za 2019: Kevin Durant, nyota wa Golden State, alikatika kano ya kisigino mechi ya 5, tarehe 10 Juni. Klay Thompson, wakati huo naye wa Golden State, akachanika ligamenti ya goti mechi ya 6, tarehe 13. Durant akaondoka kwenda Brooklyn. Warriors (ndio Golden State) badala ya kumwacha aende bure, wakatengeneza dili la kumpokea D'Angelo Russell aliyesainishwa na kuhamishwa, mkataba wa miaka minne, dola milioni 117. Yaani walijifunga ukomo uleule uliowabana Dallas! Ili Russell aenee, ilibidi wamtoe Iguodala kwenda Memphis pamoja na chaguo la raundi ya kwanza la drafti, zoezi la timu kuchagua vijana wapya. Wakaanza msimu na kikosi chembamba cha vijana, na tarehe 30 Oktoba nyota wao Curry akavunjika mkono. Alicheza mechi 5 msimu mzima. Rekodi ikawa ushindi 15, vipigo 50, mkiani kabisa mwa ligi.

Tofauti ni walichofanya wakati wanapigwa. Russell hawakumchukua ili abaki, walimchukua kama mshahara mkubwa unaoweza kubadilishwa. Februari 2020 wakampeleka Minnesota, wakapata Andrew Wiggins na chaguo la drafti la 2021 lililokuja kuwa Jonathan Kuminga, namba 7. Wakauza na wachezaji wengine wadogo mpaka wakashuka chini ya kodi ya anasa, kwa sababu anayelipa kodi hiyo mwaka hadi mwaka hutozwa viwango vya juu zaidi. Jordan Poole, chaguo la 28, akapata dakika ambazo asingezipata kwenye timu nzima.

Novemba 2020, siku ya drafti, Klay akakatika kano ya kisigino. Safari hii walikuwa na akiba mkononi: haki ya kupokea mchezaji wa mshahara wa hadi dola milioni 17.2, iliyotokana na dili la Iguodala, wakaitumia kumleta Kelly Oubre. Pia walipewa ile ruhusa ya majeruhi, kama milioni 9.3. Nusu ya mshahara wa Klay ingekuwa zaidi ya milioni 17, kwa hiyo kilichotumika ni kiwango cha kati. Mwaka 2022 wakaifunga Boston 4-2 kwenye fainali, Wiggins akiwa nguzo ya ulinzi.

Siwezi kusema kila kitu kilikuwa akili. Msimu ule mbovu uliwapa chaguo la 2 la drafti wakamchukua James Wiseman, na hilo halikuwalipa.

PointiTatu

Kigoda umeeleza vizuri, ila kwa Dallas nisingeishia kwenye hesabu. Davis walimchukua wakati tayari yuko nje kwa msuli wa tumbo aliouumiza mwishoni mwa Januari. Alikuwa anakaribia miaka 32, Kyrie anakaribia 33. Ukijenga timu juu ya watu wa umri huo, hesabu ya majeraha unaiandika mwanzoni, na unaacha akiba ya angalau mikataba miwili ya bei ya chini mpaka Aprili. Kwa bei ya kuanzia Februari hiyo ni kama dola milioni moja na nusu tu. Tofauti ya mshahara wa Martin na Grimes peke yake ingetosha na kubaki.

Matokeo yake: ushindi 39, vipigo 43, wakatolewa na Memphis kabla ya mchujo kamili. Kisha tarehe 12 Mei wakashinda bahati nasibu ya drafti wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8, wakampata kijana Cooper Flagg kwa chaguo la kwanza. Bahati hiyo isiwafanye watu waone mpango ulikuwa mzuri.

Ribaundi_Moro

Nawashukuru sana wakuu. La mwisho: Milwaukee walipomkata mchezaji wao Lillard kiangazi cha 2025, ile "kueneza" mshahara wake uliobaki kwa miaka mingi zaidi inahesabiwaje?

HesabuZaMishahara

Chukua miaka iliyobaki, zidisha kwa mbili, ongeza mmoja. Lillard alikatika kano ya kisigino Aprili 2025, akiwa na miaka miwili na kama dola milioni 113. Mbili mara mbili, jumlisha moja, ni mitano. Kwa hiyo karibu milioni 22.5 kila msimu hadi 2029-30 zimekaa kwenye vitabu vya Milwaukee kwa mtu asiyechezea timu. Walichopata ni nafasi ya kumsajili Myles Turner kutoka Indiana. Indiana nao walikuwa wamempoteza nyota wao Haliburton kwa jeraha hilohilo kwenye mechi ya 7 ya fainali. Mimi nisingefanya. Turner ni mchezaji mzuri, lakini milioni 22.5 za kila mwaka kwa miaka mitano zinakunyima mchezaji wa pili wa kiwango chake.