Kazi ya kuhudumia wanafunzi wa jamii mbalimbali: nibaki Mombasa au nikasomee Marekani?

Mwana wa Kisauni
Assalaam aleikum, na salamu kwa wote. Nina nafasi mbili mkononi na sharti nijibu kabla ya mwezi kwisha. Ya kwanza ni kazi ya afisa katika ofisi ya mkuu wa wanafunzi kwenye chuo kikuu kimoja hapa Mombasa, ambako nitashughulikia wanafunzi wa kigeni, vyama vya kidini na migogoro ya mabwenini. Ya pili ni kusomea shahada ya uzamili nchini Marekani katika fani hiyo hiyo, huku nikifanya kazi katika ofisi inayowahudumia wanafunzi wa tamaduni mbalimbali. Naomba mnilinganishie, hasa nyinyi mliowahi kuifanya kazi hii.

Bi Kibokoni
Waaleikum salaam, mwanangu. Umeuliza nusu ya swali. Kazi ya hapa ni ya kudumu yenye pensheni au ni ya mkataba? Chuo ni cha serikali au cha binafsi? Huko Marekani ni jimbo gani, na ada inalipwa na nani? Usipoyasema hayo, kila atakayekujibu ataijibu nafasi aliyojiwazia mwenyewe.

Nahodha wa Likoni
Mimi sihitaji maelezo zaidi: nenda. Kule kuwahudumia wanafunzi ni taaluma inayosomewa, na chama chao kikubwa, NASPA, kipo tangu 1919. Ofisi nyingi za aina unayoitaja zilizaliwa baada ya wanafunzi Weusi kuandamana mwishoni mwa miaka ya 1960 wakidai watambuliwe, kwa hiyo zina historia, bajeti na watu waliobobea. Hapa kwetu afisa huyo huyo husikiliza kesi za nidhamu, hutafuta basi la timu ya mpira, huchangisha fedha za mazishi, na jioni huulizwa kwa nini maji yamekatika.

Mwana wa Kisauni
Samahani, Bi Kibokoni, nilifupisha mno. Kazi ya hapa ni ya mkataba wa miaka miwili katika chuo cha binafsi. Marekani ni Texas. Nitasamehewa sehemu kubwa ya ada na kupewa posho kwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki.

Karani wa Tudor
Texas, ndugu yangu? Sheria inayoitwa SB 17, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, imevipiga marufuku vyuo vya umma vya jimbo hilo kuwa na ofisi za aina hiyo. Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kilifunga kituo chake cha wanafunzi wa tamaduni mbalimbali kwa sababu ya sheria hiyo, na miezi michache baadaye kikawaachisha kazi wafanyakazi kadhaa wa kitengo kilichohusika. Sasa hebu isome tena barua yako. Chuo chako ni cha umma au cha binafsi? Ofisi imetajwa kwa jina gani, na je, ofisi hiyo ingalipo? Saa 20 kwa wiki ndizo za mwisho anazoruhusiwa mwanafunzi mgeni wakati wa muhula, kwa hiyo usidhani utaongeza kipato kwa kazi ya pembeni. Ukimaliza masomo utaruhusiwa kufanya kazi miezi 12. Nyongeza ya miezi 24 ni ya wanaosomea sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati.

Nahodha wa Likoni
Karani anatisha watu. Sheria hiyo haivigusi vyuo vya binafsi, na hata katika vya umma haikuzuia vyama vya wanafunzi wala yanayofundishwa darasani. Shahada ni ya mwenye nayo. Ofisi ikifungwa, elimu haifungwi.

Karani wa Tudor
Elimu haifungwi, lakini posho inatoka ofisini. Ofisi ikifungwa katikati ya mwaka wa kwanza, atailipa ada na nini?

Mstaafu wa Mabweni
Naomba nizungumzie kazi yenyewe, kwa sababu naona tunajadili viza tu. Nilitumikia miaka mingi katika mabweni ya chuo kimoja cha Pwani ambacho sitakitaja. Muhula mmoja Ramadhani iliangukia wiki za mitihani. Katika chumba cha watu wanne, wawili walikuwa wakiamka saa kumi kasoro kula daku, wakichemsha chai kwa koili ya umeme, na wenzao waliokuwa na mtihani asubuhi wakalalamikia taa na harufu ya samaki wa kukaanga aliyepashwa moto. Jambo lilikuwa dogo. Ukumbi wa kulia ulikuwa mtupu saa hizo na ufunguo wake ulikuwa mezani pangu, nami nikapendekeza kwa maandishi kwamba daku iliwe humo. Mkubwa wangu hakutaka kumlipa mlinzi wa ziada, akaamuru Waislamu wahamie ghorofa ya chini na wengine wabaki juu.

Baada ya wiki chache wanafunzi waliotoka bara wakaomba nao wakae pamoja, kisha Wasomali, kisha Wamijikenda wakauliza kwa nini wao wametawanywa. Kila ombi liliegemea hoja ile ile iliyokubaliwa mwanzo, hivyo hatukuwa na la kuwakatalia. Wakati wa uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, wagombea hawakuhangaika tena kwenda chumba kwa chumba, walihesabu ghorofa. Bomba lilipopasuka juu na maji kuvuja chini, watu walinuniana siku kadhaa wakiamini limepasuliwa kwa makusudi, na fundi alipoanza kutengeneza juu, kama ambavyo fundi yeyote angeanza, ilionekana ameegemea upande. Kwa hiyo, kijana, kabla ya kutia sahihi hapa Mombasa, uliza kama afisa ana mamlaka ya kugawa vyumba na fungu la fedha la kumlipa mlinzi mmoja. Ukiambiwa kwamba kila kitu huamuliwa na mkubwa, utakuwa mpeleka barua.

Karani wa Tudor
Pole, mzee. Ila baadaye kuhesabu ghorofa hakukutosha, kwani marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Vyuo Vikuu yalileta utaratibu wa wanafunzi kuchagua wajumbe, na wajumbe ndio wawachague viongozi wa juu.

Mstaafu wa Mabweni
Niliyoyasimulia yalitokea kabla ya hapo. Hata hivyo, wajumbe nao hulala katika ghorofa hizo hizo.

Mwalimu wa Changamwe
Mzee amegusa jambo ambalo nimelipigania siku zote: vyama vya wanafunzi vya kikabila vipigwe marufuku vyuoni. Chuo cha Tudor hapa Mombasa kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora, na mwaka 1966 kikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, hadi 2013 kilipopata hati ya kuwa chuo kikuu. Leo ndani yake utamkuta Mtaita, Mluo na Mbajuni darasa moja. Mlango umekwisha kufunguliwa. Kwa nini tuwape watoto vijichumba vya kujifungia?

Bi Kibokoni
Mwalimu, kwa heshima zako, hapo nakupinga. Mtoto wa Turkana aliyepangiwa chuo cha Pwani, asiyemjua mtu, wa kwanza kumwonyesha benki na zahanati ni mwenzake wa kwao. Tatizo ni ofisi zinazowakumbuka wanafunzi hawa siku ya ngoma na vyakula vya asili pekee, lakini ratiba ya mitihani inapopangwa Ijumaa saa saba mchana au Jumamosi asubuhi, hakuna anayemuuliza Mwislamu wala Msabato. Afisa anayestahili mshahara ni yule anayeingia katika kikao cha ratiba, si anayekodi mahema.

Mwalimu wa Changamwe
Kumwonyesha benki si lazima kuwe na mwenyekiti, mweka hazina na fulana, Bi Kibokoni. Mwaka wa uchaguzi wa taifa ukifika, utaona fulana hizo zimelipiwa na nani.

Mwana wa Kisauni
Nawashukuru nyote. Chuo cha Texas ni cha umma. Nimewaandikia, nao wamejibu kwamba ofisi iliyotajwa barua ilipotolewa sasa imeunganishwa na kitengo kinachowahudumia wanafunzi wote, na kwamba posho yangu "inatarajiwa" kuendelea. Kwa upande wa Mombasa, nimeambiwa vyumba hugawiwa na msimamizi wa makazi, ingawa afisa hukaribishwa kutoa maoni.

Karani wa Tudor
"Inatarajiwa" si ahadi. Dai barua nyingine inayotaja kiasi na muda.

Nahodha wa Likoni
"Hukaribishwa kutoa maoni" nayo je? Muulize Mstaafu maoni yake yaliishia wapi. Omba Ohio au Michigan mwaka ujao.

Bi Kibokoni
Ohio nako wamepitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2025, Nahodha. Mwanangu, hujatuambia mshahara wa hapa ni kiasi gani, na kama una marupurupu ya nyumba.